Kuijenga Al-Inkishafi iwe mahali pa kutembea ndani ya kompyuta: tuanzie wapi?

mwalimu_chumbageni

Asalaam alaykum. Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Hapa Tanga kikundi chetu cha fasihi na uchoraji kinataka kuigeuza Al-Inkishafi, utenzi wa kale unaotaja kuanguka kwa matajiri wa mji wa Pate, iwe mahali pa kutembea ndani ya kompyuta. Mgeni aingie na avata (umbo la mtu linalomwakilisha), apite katika nyumba za matajiri wa Pate usiku taa zinawaka, halafu azikute nyumba zilezile zimekuwa magofu. Si filamu, wala si ukuta wa picha zenye beti chini yake.

Vyombo tulivyonavyo: kompyuta 10 za maabara, za zamani, RAM GB 4 na kadi ya picha ya Intel ya ndani, laptopu moja ya GB 16 yenye kadi ya NVIDIA, ruta moja, simu mbili zenye kamera ya kuaminika. Intaneti ni ya bando, watu 10 kwa pamoja haiwezi. Blender, programu ya kujenga maumbo, wapo wanaoiweza kiasi.

Naomba msaada kwa haya: Second Life, ile dunia ya mtandaoni, inafaa, au kuna njia isiyotaka intaneti? Magofu ya Tongoni yako karibu nasi, je, yanaweza kupigwa picha yakawa ndiyo kuta? Beti zisomwe au zisikike, na zikisikika, watu 10 wakiwa ndani kila mmoja na chumba chake, sauti hazitavurugana? Na hakimiliki imekaaje?

seva_ya_nyumbani

Waalaykum salaam mwalimu.

Second Life iacheni. Si mbaya, wasanii wamejenga humo tangu 2003, lakini ardhi hulipiwa kwa dola kila mwezi, kila picha unayopandisha ina bei yake, na kila kompyuta ya maabara itavuta vitu vyote kutoka nje kwa bando lenu. Chukueni OpenSimulator. Ni programu huria, imejengwa kwa mtindo uleule wa maeneo ya mita 256 kwa 256, hutazamwa kwa programu ileile ya Firestorm, na inakaa kwenye mashine yenu. Kupandisha vitu ni bure. Intaneti mnaihitaji siku ya kupakua tu, baada ya hapo ruta peke yake inatosha.

Laptopu ya GB 16 ndiyo iwe seva siku ya maonyesho, na mgeni asiitumie. Sakinisha .NET ya toleo lile hasa linalotajwa kwenye maelezo ya OpenSimulator uliyopakua, si toleo lolote. Ndani ya folda ya bin nakili OpenSim.ini.example iwe OpenSim.ini, na kwenye config-include nakili StandaloneCommon.ini.example iwe StandaloneCommon.ini. Kisha fungua OpenSim.ini utafute BaseHostname. Hapo pameandikwa 127.0.0.1, weka anwani ya laptopu kwenye mtandao wa ndani, mfano 192.168.1.10. Ukiwasha mara ya kwanza itakuuliza jina la eneo, mlango wa mtandao (port, 9000) na anwani ya nje: weka anwani ileile. Baada ya hapo andika "create user" mara 10, kila kompyuta na jina lake.

Panapoharibika ni hapa. Mkiacha 127.0.0.1, laptopu yenyewe itaingia vizuri na nyingine zote zitagonga mwamba, kwa sababu kila moja inaambiwa seva iko ndani yake yenyewe. La pili ni ruta kubadilisha anwani ya laptopu umeme ukikatika na kurudi: ingia kwenye ruta uifunge anwani hiyo kwa laptopu hiyo. La tatu ni ukuta-moto wa Windows. Mlango 9000 ufunguliwe TCP na UDP pia. Ukifungua TCP peke yake nywila inakubaliwa, mstari unasogea, halafu mgeni anakwama mlangoni mwa eneo asiingie kamwe.

Kwa zile za GB 4: tafuta Firestorm iliyotengenezewa OpenSim (kuna ile ya Second Life pekee, hiyo haiwafai), na uchukue matoleo ya mfululizo wa 6, kabla mfumo mpya wa kuchora nyuso za vitu, PBR, haujaingia. Umbali wa kuona weka mita 64, vivuli zima, mwanga wa hali ya juu zima, na kivinjari kifungwe kabisa. Itakwenda, ila msitegemee fremu 60.

dira_ya_raskazone

Mwalimu, samahani naingilia. Tanga nzima, halafu mnakwenda kujenga Pate? Shaaban Robert ni mzaliwa wa Vibambani, Machui, 1909. Kusadikika ni nchi inayoelea angani, na wajumbe sita wametumwa pande sita. Hiyo inajijenga yenyewe kwenye dunia ya aina hii, maana humo kitu kikiachwa hewani hakianguki.

kowa_na_sufuri

Marahaba mwalimu.

Nianze na ndugu wa Raskazone. Wazo lako si baya, lakini lina kodi yake. Shaaban Robert alifariki 1962. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 muda ulikuwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Nchi nyingi za Ulaya ni miaka 70, yaani hadi mwisho wa 2032. Maabara ya Tanga ni jambo moja, kuiweka mtandaoni dunia nzima ikaiona ni jambo jingine. Kabla ya hapo zungumzeni na mchapishaji na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki Tanzania. Al-Inkishafi haina mgogoro huo: Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliitunga zaidi ya miaka 200 iliyopita. Chenye mwenyewe ni kazi ya juu yake, yaani tafsiri na maelezo ya wahariri wa karibuni. Someni shairi, msinakili maelezo ya mtu.

Sasa sanaa yenyewe. Kosa linaloua kazi za namna hii ni kuchukua kila ubeti na kuutafutia kitu chake. Beti zinapita sabini. Mkifanya hivyo mtapata ghala. Sehemu ya nyumba za Pate ni kipande tu cha utenzi. Kabla yake mshairi anausuta moyo wake kwa kuiamini dunia, baada yake anauonyesha moto. Chagueni beti 10 hadi 12, na zote zikae katika nyumba moja. Moja inatosha.

Nyumba hiyo iwe na nyakati mbili. Ya kwanza ni usiku: shairi linataja taa za kowa (kioo) na za sufuri (shaba), usiku ukawa kama mchana. Ya pili ni mchana, na sauti zake zimeshaandikwa, hamna haja ya kubuni: mende ndani, ngende (nyenje) kwenye kumbi, bundi katikati ya nyumba, makinda ya ndege kwenye madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyokuwa yanawekwa sahani, kiwanda (yaani uwanja) kimegeuka mwitu. Muziki wa chinichini msiweke. Ukiweka taarabu au kinubi pale, ngende hasikiki, na ngende ndiye shairi.

Kuna jambo hupuuzwa. Anayesutwa ni moyo, si hadhira. Sauti ikitoka kwenye spika ya ukutani inakuwa ya mwongoza watalii. Inatakiwa itoke mle mle alipo mgeni, imsemeshe yeye. Mafundi watasema inawezekanaje.

Msomaji awe anayeijua lafudhi ya Kiamu, yaani ya Lamu, na aghani, asisome kama taarifa ya habari. Kila kipande kina mizani 10 na kituo baada ya 6, na kipande cha nne daima kinaishia na "-ye". Akikosa kituo hicho ubeti unavunjika. Mizani 40 za ubeti mzima hazivuki sekunde 25 hata akighani polepole.

Na kwa habari ya maandishi, ubeti usionekane wakati mtu anatembea. Uonekane akisimama. Kuna mchezo uitwao Walden, a game wa 2017, uliotokana na kitabu cha Thoreau. Humo mchezaji akijikita kwenye kazi tu asiyatazame mazingira, rangi za dunia hufifia. Maandishi hayakubandikwa juu ya msitu, msitu wenyewe ndio unaomjibu. Elekeeni huko.

fundi_matumbawe

Shikamoo mzee wa Sufuri. Mwalimu, nachukua Tongoni na kuta, sauti nitagusa mwishoni.

Tongoni kwanza ni makaburi. Yapo zaidi ya 40 pamoja na msikiti, na mwenye mamlaka ni serikali, kwa hiyo kibali kitangulie. Droni sahauni, inataka usajili na vibali vya TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), na kwa kazi hii haihitajiki. Kaburi msiligeuze ukuta wa sebule ya mtu. Chukueni uso wa matumbawe na chokaa iliyobanduka kutoka ukuta wa msikiti, basi, na kwenye maelezo ya kazi muandike wazi kwamba ngozi ya ukuta ni ya Tongoni, umbo la nyumba ni la Pate.

Kwa kipande cha ukuta cha mita 4 mnahitaji picha kama 100. Safu tatu (kiuno, kifua, juu ya kichwa), kila hatua sentimita 30 hadi 40, kisha rudieni mkiwa mmeigeuza simu kiasi cha nyuzi 45 kila upande. Picha moja na inayofuata zishirikiane asilimia 70. Fungeni mwangaza na fokasi ya simu visibadilike. Nendeni siku ya mawingu: jua kali la saa sita huchora vivuli vyeusi kwenye mashimo ya matumbawe, na vivuli hivyo vitabaki kwenye picha hata mkiweka ukuta ule usiku. Simamisheni fimbo ya sentimita 50 pembeni, la sivyo hamtajua ukuta una ukubwa gani.

Programu ya Meshroom itaziunganisha picha ziwe umbo, na inataka kadi ya NVIDIA, kwa hiyo ni kazi ya ile laptopu. Kinachotoka ni pembetatu mamilioni. Hakuna kompyuta ya GB 4 itakayokifungua. Kwenye Blender jengeni ukuta mwepesi, pembetatu 1,000 hadi 3,000, kisha okeni, yaani hamishieni, rangi za ule mzito kwenye ngozi ya huu mwepesi. Watu wengi huoka ramani ya mikwaruzo tu, yaani ile normal map. Kwenu haitaonekana, kwa sababu bwana seva amewaambia mzime mwanga wa hali ya juu, na ukizimwa ramani hiyo haisomwi. Okeni vivuli vya mashimo ndani ya picha ya rangi yenyewe.

Ukubwa wa picha: 512 kwa 512. Picha ya 1024 ikifunguliwa kwenye kumbukumbu inakula MB 4, ya 512 inakula MB 1. Picha 40 za 512 ni MB 40, kadi ya Intel itastahimili. Vipimo viwe 256, 512, 1024. Ukipandisha ya 700 kwa 500 itavutwa au kubanwa na chokaa itaonekana imefifia.

Vyumba. Nyumba za mawe za pwani ya kaskazini ni ndefu na nyembamba, upana kama mita 2.5 hadi 3, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na boriti haifiki mbali zaidi ya hapo. Uzuri wa nyumba hizo ni huo wembamba, na humo ndimo kamera ya avata inapowatesa: hukaa nyuma na juu ya kichwa, kwa hiyo kwenye chumba chembamba inatoboa ukuta na mgeni anaona mgongo wa nyumba. Wajenzi wengi hukuza kila kitu mara mbili. Msifanye hivyo, chumba kitakuwa bohari. Kuzeni kwa robo tu, dari iwe mita 4, kisha kamera isogezwe kwa skripti: llSetCameraParams, CAMERA_DISTANCE kama mita 1. Skripti hiyo ikae kwenye HUD, yaani kile kibao kinachobandikwa kwenye skrini ya mgeni.

HUD hiyohiyo ndiyo jibu la mzee. Sauti inayochezwa na llPlaySound ndani ya HUD husikika na mwenye HUD peke yake. Rekodini kila ubeti WAV, mono, 44.1 kHz, biti 16, chini ya sekunde 30, muweke zote ndani ya HUD. Mlangoni mwa kila chumba wekeni boksi lisiloonekana lenye llVolumeDetect(TRUE). Mtu akiligusa, collision_start inamtumia ujumbe kwa llRegionSayTo kwenye chaneli hasi ("ubeti_4"), HUD inausikia na kucheza. Watu 10 watasikia beti 10 tofauti bila kugongana, alimradi kila mmoja ana visikizio. Tangulizeni llPreloadSound mgeni akiwa chumba cha nyuma, vinginevyo ubeti wa kwanza utachelewa. Ngende na bundi hao wawe vitu vya chumbani, llLoopSound, kwa sababu wao ni wa nyumba, si wa mtu.

Kwa maandishi yatokee akisimama: HUD iangalie llGetVel ya mwenyewe kila sekunde 1, ikiwa sufuri kwa sekunde 4, onyesha. Akipiga hatua, futa.

seva_ya_nyumbani

Naongezea la nyakati mbili. Msijaribu kubadilisha nyumba moja kwa skripti, taa zizimike na kuta zianguke palepale. Mgeni mmoja akifika mwisho atawabomolea nyumba wenzake tisa walio bado karamuni. Jengeni nyumba mbili zinazolingana kipimo kwa kipimo. Magofu yakae ardhini, yana haja na mwitu, bahari na mchana. Nyumba ya usiku ikae juu, mita 1,500, nje ni giza kwa hiyo haina haja ya ardhi. Mbingu za eneo hugawanyika kwa kimo, na mpaka wa kwanza kwa kawaida ni mita 1,000, hivyo kila nyumba inapata saa yake.

Kumshusha mgeni tumieni osTeleportAgent, mkimpeleka nukta ileile ndani ya chumba kilekile, uso umeelekea palepale. Akiwa ametazama daka lenye sahani, alikute daka lenye kinda. Amri hiyo inaweza kugoma mpaka iruhusiwe kwenye osslEnable.ini, isiporuhusiwa mtaona kosa la skripti na mtu hasogei. Ruhusuni kwa mmiliki wa eneo tu, si kwa kila mtu.

mwalimu_chumbageni

Mungu awalipe wote. OpenSimulator imekubali kwenye laptopu na kompyuta tatu, UDP ndiyo iliyokuwa inatukwamisha. Mambo mawili yamebaki. Mlango wa ukumbi uko wazi kwa macho lakini avata hapiti, anagonga hewa. Na taa: tumetundika 14, lakini ukigeuka baadhi zinazimika na nyingine zinawaka.

fundi_matumbawe

Mlango: mmepandisha ukuta bila umbo la kugongea, ukafungwa kwa "Convex Hull", ambalo ni kama kuufunika ukuta kwa shuka iliyovutwa ikabana, tundu la mlango nalo likafunikwa. Pandisheni tena ukuta pamoja na umbo jepesi la maboksi matatu: kushoto kwa mlango, kulia, na juu. Kisha kwenye hariri, upande wa vipengele, badilisheni aina ya umbo kutoka "Convex Hull" kwenda "Prim". Bila hatua hii ya mwisho yale maboksi hayatumiki hata yakiwepo. Mlango wenyewe upana usipungue mita 1.5, avata ni wapana kuliko wanavyoonekana.

Taa: mwanga wa hali ya juu ukizimwa, programu inaonyesha taa 6 tu zilizo karibu na kamera. Si hitilafu. Okeni mwanga wa taa zote 14 kwenye kuta ndani ya Blender, injini ya Cycles, kisha mwachie kila chumba taa halisi moja au mbili za kumulika avata. Kowa lenyewe lipeni "Full Bright" ling'ae. Kwa utando na majani ya mwitu tumieni uwazi wa "Alpha masking", si "blending", la sivyo jani la nyuma litaonekana mbele ya la mbele kila kamera ikizunguka.

kowa_na_sufuri

Taa moja halisi kwa chumba, tena iwe chini ya usawa wa macho. Ya juu inaua madaka.

seva_ya_nyumbani

Kabla ya kuzima kila jioni: "save oar inkishafi.oar" kwenye dirisha la seva, subiri iseme imemaliza, ndipo "shutdown". Msifunge dirisha kwa alama ya X. Betri ya laptopu iwe nzima, kwa sababu umeme ukikatika wakati hifadhidata ya SQLite inaandika inaweza kuharibika, na hapo faili hilo la OAR ndilo litakalowarudishia eneo. Kumbukeni OAR hubeba eneo na vitu vyake, haibebi mkoba wa mtumiaji, kwa hiyo HUD yenye sauti wekeni nakala yake ndani ya boksi hapohapo eneoni.

dira_ya_raskazone

Haya, nimekubali Pate. Umbo la maboksi matatu na hatua ya "Prim" nakwenda kuzijaribu kwenye lango la Kusadikika, mita 2,500 juu.